Mkweo Nimemkanda Mwenyewe

Chanika, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ni ya mume wako mdogo, ambaye bado hajui kuamkia lakini kupiga kelele anajua sana. Sasa hivi amelala mgongoni kwa mama yake, ndiyo maana nimepata nafasi ya kushika kalamu. Vipi mguu? Dada Eskola alinipigia akasema wameshakukata hogo la mguu uliovunjika, umebaki ugumu wa goti, na kwamba umekataa mtu yeyote kukukanda kwa sababu wote hawajui. Hilo nimelisikia na nitalirudia. Usidhani nimelipita.

Sisi huku wazima. Lakini najua neno hilo halikutoshi. Siku ile walipokupakia kwenye baiskeli mpaka kilimani kwa mwalimu ili upate mtandao, ulisikia nusu tu ya mambo. Ulimsikia Fausta akipiga ukelele, ukaniita mjinga, halafu simu ikakata. Tangu hapo Eskola amekuletea salamu za wazima, wazima, na wewe umekaa na ule ukelele masikioni. Mtu aliyekanda wazazi wa kijiji kizima hawezi kushibishwa na neno moja. Kwa hiyo habari yote ni hii, na Eskola akusomee polepole bila kuruka. Shangazi naye aitwe asikilize, maana yeye ndiye aliyesema mwanamume hawezi.

Unakumbuka tulivyokuwa tumepanga. Fausta hana mama, na tangu mimba ilipoonekana alikuwa akisema, "Mama mkwe atakuja kunikanda." Alikuwa amekununulia hata doti ya khanga ya kukupokelea. Ulipoanguka kule kisimani alilia kuliko mimi mwanao, nikajua analia mguu wako na analia pia kwamba atazaa peke yake mjini. Akajifungua salama, kwa njia ya kawaida, mtoto mzima. Tukarudi nyumbani tumefurahi. Shida ilianza tulipokaa.

Jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Sabrina, ana roho nzuri na mdomo usiopumzika. Akatuletea mkandaji, mama mmoja wa huku huku mwenye mikono mipana. Huenda kwa wengine anafaa, lakini imani yake ni kwamba maji yasiyomliza mzazi hayafanyi kazi. Niliporudi kutoka kazini Kurasini nilimkuta Fausta amekaa ukingoni mwa kitanda, ngozi ya tumbo nyekundu, hataki hata khanga imguse.

"Kesho asije," akaniambia. "Akija, mie natoka na mwanangu."

Hakuja. Lakini hofu aliiacha ndani. Fausta akawa halali, na chakula anakionja tu anakisukuma. Mama, maziwa yakagoma. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, anatafuta tena. Mie nilikuwa nikitoka nyumbani asubuhi nakiacha kilio, jioni nakuta kilio kile kile. Pale uani kila mtu akawa na dawa yake. Huyu anasema mpeni maji ya sukari, yule anasema uji mwepesi. Mama Sabrina alikuja na chupa ya maziwa ya ng'ombe ameshaipasha. Nilimwona Fausta anaitazama ile chupa kwa namna ambayo sikuipenda kabisa.

Tukaenda kliniki. Nesi, dada mmoja mpole lakini hazungushi maneno, akamweka mume wako kwenye mzani, akaangalia kadi. Halafu akamtazama mkweo badala ya mtoto.

"Umelala lini usingizi wa maana?"

Machozi yakamtoka Fausta.

Nesi akamkalisha, akamwonyesha namna ya kumweka mtoto ili ashike ziwa vizuri na siyo chuchu peke yake. Akasema asipewe kitu kingine mdomoni, hata maji, anyonyeshwe kila anapotaka. Akasema mama ale, anywe, alale. Mie nikauliza kuhusu kukanda, nikidhani atatufokea. Akasema kukanda si kubaya, mwili unalegea na mtu anapumzika, ila maji yawe ya vuguvugu na tumbo lisikamuliwe kama nguo. Kisha akasema neno ambalo nililibeba njia nzima: "Mrudi wiki ijayo. Asipoongezeka nawaandikia rufaa, aende hospitali kubwa."

Hata jina alikuwa hana, Mama. Kadi ilikuwa imeandikwa Mtoto wa Fausta. Nilikuwa nimependekeza jina, Fausta akasema tungoje kwanza. Sikumuuliza tungoje nini, maana nilijua, na nilikuwa naogopa jambo lile lile.

Jioni ile nikamwambia atakandwa.

"Na nani? Mama yako kavunjika mguu. Wangu yuko kaburini."

"Na mie."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Kasiani, wewe unajua kufunga turubai kwenye lori."

Ni kweli. Lakini mie pia ndiye niliyekuwa nakubebea kuni na kuteka maji ulipokwenda kukanda. Nilikuwa nafukuzwa ndani, nakaa nje ya ua wa makuti, nasikiliza. Nilisikia sauti ya kitambaa kikikamuliwa. Nilikusikia ukiwauliza, "Hapa? Na hapa?" na wanawake wakivuta pumzi kisha wakianza kucheka. Wanaingia wamekunja sura, wanatoka wanacheka. Hilo ndilo nililotaka kwa mke wangu, sikuwa na elimu nyingine zaidi ya hiyo.

Ndipo nikamwomba Eskola akupeleke kilimani. Sasa nikueleze ambacho hukukiona. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye ndoo iliyopinduliwa, sauti juu kabisa, na wewe unaamrisha kama uko mlangoni. Majani ya mpera nilikuwa nayo, mchaichai nilikuwa nao, sufuria linachemka kwenye mkaa, Fausta amekaa kwenye kigoda ameshikilia khanga yake kwa mikono yote miwili. Kule uani wanawake wote walikuwa wameacha vyombo vyao wanasikiliza. Ukasema, "Punguza maji, pima, yasiwe ya moto." Nikapima. Nikatia kiganja, nikaona ni ya vuguvugu tu, karibu yapoe. Nikaloweka kitambaa, nikakamua, nikamwekea kiunoni.

Ule ukelele ndio huo ulioupata.

Wewe ukaniuliza, "Umepima kwa nini?" Nikasema kwa kiganja. Hapo ndipo uliponiita mjinga, ukasema, "Kiganja cha mtu wa kamba kinajua moto? Pima kwa..." na simu ikakata. Mama, pima kwa nini? Nilibaki nimesimama na kitambaa mkononi, najitazama mikono. Miaka yote hii navuta kamba za malori, viganja vyangu vimekuwa kama soli ya kiatu. Maji yanayomuunguza mke wangu, kwangu mie ni ya kunawia uso.

Fausta akainuka kwenye kigoda. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Akasema taratibu, "Hata wewe," akaingia ndani akafunga mlango. Uani Mama Sabrina peke yake ndiye aliyepata sauti.

"Braza, nyie wanaume hii si ishu yenu. Mie toka nizaliwe sijawahi onaga mwanaume anakanda mzazi. Ntamuita yule mama arudi, atampunguzia moto."

"Hapana."

"Sa' utafanyaje?"

Nilikaa kwenye kile kigoda mwenyewe, maji yanapoa mbele yangu. Kisha nikavua shati, nikaloweka kitambaa, nikajiwekea tumboni.

Mama yangu! Nikaruka. Kumbe ndivyo alivyosikia. Tumbo langu halijawahi kuvuta kamba, ngozi yake laini kama ya mtu yeyote. Nikaongeza maji baridi, nikajaribu tena. Bado. Nikaongeza. Nikaendelea hivyo mpaka kitambaa kikawa kinatulia tumboni bila kuniuma, nasikia joto linaingia taratibu, na kwa kweli nikaona raha. Niliponyanyua macho, mlango ulikuwa wazi kidogo na Fausta ananitazama. Mie kifua wazi, tumbo limeiva kama nyanya, kitambaa kinanidondokea kwenye suruali.

"Unafanya nini?"

"Napima."

Akatoka, akanisukuma kwa bega nimpishe kigoda, akakaa. "Kila kitambaa," akasema. "Kila kimoja kianze kwako. Nikuone."

Na ndivyo ilivyokuwa, Mama, kuanzia jioni ile. Kila kitambaa kwanza tumboni kwangu, akiona sijakunja sura ndipo nampelekea yeye. Kiunoni, mgongoni, mabegani. Tumboni namwekea tu kiache joto, sikamui, kama alivyosema nesi. Nikawa nauliza kama wewe, "Hapa? Na hapa?" Mwanzo alikuwa anajibu kwa kichwa. Siku moja akasema, "Hapo hapo, usiondoe." Nikamaliza nikamfuta, nikampaka mafuta ya nazi, na kabla sijamwaga maji alikuwa ameshasinzia amekaa. Nilimbeba mpaka kitandani. Alilala usingizi wa kweli, wa kukoroma, asije akabisha. Nikawa namwamsha tu mtoto akitaka kunyonya.

Nikawa naamka mapema kuliko jogoo wa Mama Sabrina, nakanda, napika uji, ndipo nakimbilia kazini, na jioni narudia. Ule mzigo uliotuma na kondakta wa basi ulifanya kazi yake: unga wa mtama, karanga, majani ya mlonge yaliyokauka. Uji wa kwanza nilitia pilipili manga kwa kukisia, mkweo akapiga chafya mpaka mtoto akashtuka. Sasa najua kipimo. Kisamvu cha karanga anakula bakuli zima. Supu ya samaki ananywa anadai nyingine. Chai ya mchaichai ndiyo maji yake ya kunywa siku hizi.

Kwenye kumfunga tumbo ndiko nilikoaibika. Nilikunja khanga vizuri, nikazungusha, halafu mikono ikafanya ilichozoea. Nikampiga fundo la turubai. Fundo lile limewekwa duniani lisifunguke mpaka lori lifike Tunduma. Fausta akataka kwenda msalani, khanga haitoki. Navuta huku linakaza kule. Ikabidi nimwite Mama Sabrina, naye akaja na kisu cha jikoni anacheka mpaka ameketi chini. "Sista, huyu kakupakia kama simenti!" Na Fausta akacheka. Ile khanga iliyokatwa ilikuwa ya ile doti yako, samahani, nyingine nimeshanunua. Lakini kicheko kile, Mama, sikuwa nimekisikia tangu mtoto azaliwe, na jioni ile ile nikaona kitu: mtoto ananyonya na maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo. Yanamtoka! Yamemzidi. Nilitaka kwenda nje nikapige vigelegele kama mwanamke.

Huko Kurasini siri ilishafika, sijui nani aliipeleka. Wenzangu wakanipa jina. Nikipanda juu ya lori wanaita, "Oya Mkunga, leo umezalisha wangapi?" Msimamizi wetu, mtu wa Kinyerezi mwenye mwili mkubwa na sauti ya kuita meli, ndiye aliyenicheka kuliko wote. Aliuliza mbele ya madereva kama nyumbani kwangu mie ndiye ninayenyonyesha. Nikamjibu kwamba kama ningeweza ningenyonyesha, ningemalizia na yeye. Madereva wakamgeukia yeye. Tangu hapo alipunguza kidogo.

Siku ya kliniki ikafika. Usiku mzima mie sikulala, Fausta ndiye aliyelala. Asubuhi alioga, akajipaka mafuta yake ya nazi, akasuka mabutu mawili ya haraka, akavaa lile gauni la kanisani. Nikamuuliza kwani tunakwenda harusini. Akasema, "Kama wataniandikia rufaa, waniandikie nikiwa mtu." Hapo nikajua bado anaogopa, amejikaza tu.

Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yetu ilipofika nesi akamvua mtoto, akamweka kwenye mzani. Akasoma. Akamtoa, akamweka tena. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Nesi akageuza kadi, akaangalia kama ameshika kadi ya mtu mwingine.

"Huyu ndiye yule yule?"

"Ndiye," Fausta akasema.

"Mmempa nini?"

"Ziwa tu. Uji nimekula mimi. Na huyu," akaninyooshea kidole mbele ya akina mama wote wa foleni, "huyu amenikanda."

Nesi akaniangalia, akaangalia mikono yangu, akaniuliza maji nilipimaje. Nikamwambia kwa tumbo. Akasema watu hupima kwa kiwiko, kingetosha. Kiwiko, Mama! Ndicho ulichotaka kusema simu ilipokata, siyo? Nimejichemsha tumbo bure. Foleni nzima ikacheka, na mume wako pale pale juu ya mzani akakojoa, mkojo mrefu wa mtu aliyeshiba, ukampata nesi kwenye kiatu. Nesi akasema huo ndio ushahidi anaoupenda. Rufaa hakuandika. Alichukua kalamu akauliza, "Bado ni Mtoto wa Fausta?"

Mkweo hakunitazama hata mie. Alisema kwa sauti ya kanisani, "Andika Benedikto."

Ndiyo, Mama. Jina la marehemu Baba. Nililitaja mara moja tu kabla hajazaliwa, na yeye alikuwa amelihifadhi muda wote huo. Kwa hiyo nilipomwita mume wako hapo mwanzo sikuwa natania. Mume wako amerudi, ana mashavu, na ana hasira zile zile chakula kikichelewa.

Tulitoka pale tumebeba vichwa juu. Fausta alitembea mwenyewe mpaka nyumbani, hataki bodaboda, anasalimia kila mtu hata tusiowajua. Mama Sabrina alituona kutoka mbali akauliza kwa mkono, vipi? Nikainua mtoto juu. Vigelegele alivyopiga yule mama, watu walitoka madukani. Na ile chupa ya maziwa ya ng'ombe? Aliijaza maziwa mapya akayapikia chai, tukainywa wote uani. Siku hizi anawaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyenipa moyo tangu mwanzo. Nimemwachia.

Sasa sikiliza hili. Juzi msimamizi wangu akaniita nyuma ya makontena. Nikadhani kazi imekwisha. Akatazama kushoto, akatazama kulia, ile sauti ya kuita meli ameificha sijui wapi.

"Braza, nina ishu. Mke wangu kajifungua. Mama yangu yuko Kigoma, hawezi kuja. Mkandaji wa kuajiri kamtisha." Akasogea karibu. "Hivi nyie mnaanzaje?"

Mama, ningeweza kumwambia mambo mengi. Nilikuwa nimeyapanga kwa ajili yake yeye hasa. Lakini alikuwa amekunja mikono ile mikubwa kama mtu aliyekuja kuungama, nikamwona kama nilivyokuwa mie juu ya kigoda. Nikamwambia mikono yake imekufa kama yangu, isimdanganye, apime kwa kiwiko. Nikamwambia aende kwanza kliniki amuulize nesi. Na mwisho nikamwambia asimfunge khanga kwa fundo la turubai. Jana alipita karibu na lori langu, watu wakaniita Mkunga, akawageukia: "Muacheni mtu afanye kazi yake!" Nadhani nyumbani kwake mambo yamekaa sawa.

Basi, nirudi kwenye mguu wako.

Eskola anasema daktari amekuruhusu kuukanda na kuunyoosha kidogo kidogo, na wewe unawafukuza wote. Huyu mikono mizito, yule ana haraka. Najua si hayo. Umekanda watu maisha yako yote na hakuna aliyewahi kukuuliza wewe, "Hapa? Na hapa?" Hujui kukaa kwenye kigoda, unajua kusimama mbele yake. Fausta ndiye aliyeliona hilo, siyo mie. Nilipomweleza aliyoyasema Eskola alisema, "Nenda. Mie nimeshapona. Nenda ukamkande mama." Alinikunjia nguo kabla sijajibu. Ameweka na ile khanga mpya, na picha ya Benedikto ameshiba amelala.

Msimamizi amenipa ruhusa bila kuuliza maswali. Nakuja na basi la mwisho wa wiki.

Nisalimie Dada Eskola anayesoma barua hii, nakushukuru kwa koo lako. Nisalimie Baba mdogo na vinyago anavyochonga, mwambie Benedikto anataka chake kidogo cha kuchezea. Nisalimie mwalimu wa kilimani kwa mtandao wake, hata kama ulikata pale pabaya. Shangazi, wewe sikusalimii mpaka ukiri mbele ya Mama.

Mama, andaa kigoda, mwambie Eskola achume majani ya mpera, maji nitateka mwenyewe kama zamani. Safari hii mie ndiye nitaingia ndani na wewe ndiye utakayekaa. Usiogope moto. Kiwiko nimeshakijua, lakini kwako sitakitumia. Kitambaa cha kwanza nitaweka tumboni kwangu, ukiniangalia.

Mwanao akupendaye,
Kasiani, baba Benedikto